Doa haoni: maisha na mbwa kipofu Kihonda

Watu wakisikia mbwa wetu haoni, swali la kwanza huwa ni anakulaje. Hilo ndilo jepesi kuliko yote. Ana pua, na dagaa wakichemka jikoni hata majirani wanajua. Maswali niliyostahili kuulizwa kabla sijamleta nyumbani ni mengine: ndoo zenu hukaa wapi, jiko la mkaa huwashiwa wapi, uwanjani mnaishi wangapi, na nani kati yenu ana tabia ya kuhamisha vitu. Hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo nayaandika kwa ajili ya atakayefuata.

Tunaishi Kihonda, Morogoro, kwenye nyumba yetu wenyewe yenye uwanja wa kutosha na chumba kimoja cha uani alichopanga kijana wa bodaboda. Doa tulimpata Bigwa kwa muuguzi mstaafu ambaye kwa miaka sasa huokota mbwa wa barabarani na kuwatibu kwa pensheni yake. Hana ofisi wala kibao. Ana uwanja, sufuria kubwa na moyo. Huyu alimkuta nyuma ya mabucha, mbavu zinahesabika, masikio yamejaa kupe, anazunguka pale pale na kugonga kichwa kwenye nguzo ile ile. Siku hizo mtaani kulikuwa na tangazo kwamba mbwa wazururao wataondolewa, na kila mtu anajua kuondolewa maana yake nini. Mbwa mzima akisikia bunduki atakimbia. Asiyeona atakimbilia popote, pengine kwa mwenye bunduki.

Mume wangu alikuwa anataka mbwa wa ulinzi. Nikamwambia huyu ana masikio mazuri. Akacheka, na aliyecheka kwetu ameshakubali.

Yule mama alituwekea sharti moja tu. "Mwanangu," aliniambia, "ukishindwa mlete. Usimwachie tu geti wazi." Nashauri kila anayechukua mbwa wa aina hii awe na makubaliano kama hayo, na yasemwe mbele ya watu wote wa nyumbani, maana anayechukua ni mmoja lakini wanaoishi naye ni wote.

Sasa macho. Wengi hudhani mbwa kipofu kazaliwa hivyo au kapigwa jiwe. Kuna chanzo kingine tunachokipita kila siku bila kukifikiria, nacho ni kupe, hasa yule wa kahawia anayependa mbwa. Hubeba bakteria wanaoingia kwenye chembe nyeupe za damu. Damu hupungukiwa uwezo wa kuganda, mishipa midogo huvuja, na jicho huvimba kwa ndani. Akiwahiwa kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa kawaida siku 28 mfululizo, mbwa anaweza kupona kabisa. Akichelewa, homa itaondoka na macho yasirudi. Doa alichelewa. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu wa bluu, la kulia limetokeza nje kidogo na limekuwa jekundu.

Nilianzia pabaya, kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakutaka hata kumwona mbwa. Alinipa mafuta ya macho akasema nipake asubuhi na jioni. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba baadhi ya dawa za macho zina steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na jicho lenye kidonda likipakwa steroidi linaweza kuharibika haraka kuliko kama lingeachwa. Kwa hiyo chochote cha kutia machoni kisubiri mtu aliyelipima jicho. Sisi wa Morogoro tuna bahati: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha madaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama. Aliye mbali amtafute daktari wa mifugo wa wilaya, akamwulize waziwazi kama amewahi kutibu macho ya mbwa, maana wengi wao siku zao huishia kwa ng'ombe na kuku.

Daktari alinionyesha kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Mimi nilikuwa napunga mkono mbele ya uso wa Doa, naye anapepesa, nami nafurahi kwamba anaona. Kumbe alikuwa anahisi upepo wa mkono kwenye ndevu zake. Daktari alichukua kipande kidogo cha pamba akakiachia kidondoke mbele ya jicho. Pamba haina mlio wala upepo, na mbwa anayeona huifuata kwa kichwa ikishuka. Doa hakufuata kitu. Kwa tochi ilionekana jicho la kushoto linabagua mwanga na giza, basi. La kulia lilikuwa limekufa, na daktari alipoligusa juu ya kope alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nami niguse. Lilikuwa gumu.

Presha ya jicho. Hapa naomba msomaji asipite haraka, kwa sababu jambo hili ndilo lililomtesa Doa bila sisi kujua. Maji ya ndani ya jicho yakikosa pa kutokea, jicho hujaa na kuuma vibaya sana, lakini mbwa halii kwa maumivu ya namna hiyo. Doa alikuwa analala mno, anakula nusu, anabonyeza kichwa ukutani, na ukimkaribia upande wa kulia anajikunja. Sisi tulisema ana huzuni ya kutupwa. Mtoto wangu alimtungia mpaka hadithi ya mwenye mbwa wa zamani. Daktari alisema jicho lisiloona na linalouma halina faida kwa mbwa, litolewe.

Kumtoa mnyama jicho! Mama mkwe alipopiga simu kutoka Dodoma nilimdanganya kwamba anatolewa uvimbe. Usiku nilijiuliza kama nimemwokoa ili nimkate. Asubuhi ya tatu baada ya upasuaji, nyuzi bado ziko kwenye ngozi, Doa alisimama, akajinyoosha mbele na nyuma, akatikisa mkia. Tangu tumpate tulikuwa hatujauona mkia ule ukifanya kazi. Huzuni yote ile tuliyokuwa tunaisimulia ilikuwa jicho.

Lililotusumbua zaidi ni ndoo. Ili asijikune nyuzi alivalishwa shingoni kinga, ambayo sisi tuliikata kwenye ndoo ya plastiki. Mbwa anayeona huizoea. Kwa asiyeona, kinga hiyo inamnyang'anya ndevu, na ndevu ndizo zinazomwambia ukuta uko karibu. Doa aligonga mara moja, kisha akakataa kutembea kabisa. Tukagundua ni heri kumkalia zamu na kumvua ndoo wakati wa kula na kujisaidia, mkono wa mtu ukiwa tayari kumzuia. Zamu za usiku zilikuwa zangu, bila shaka.

Upasuaji na dawa zake ulikula shilingi 250,000. Vipimo vya damu na doksisaiklini vilipita 80,000 kidogo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni bei ya chini na wakati wa kampeni hutolewa bure, ila ile ya magonjwa mengine tulilipia. Halafu kuna dawa ya kupe isiyokwisha. Kumwogesha mbwa peke yake hakusaidii, kwa sababu kupe wa kahawia hutaga kwenye nyufa za kuta na za banda, mayai kwa maelfu. Tulipiga lipu banda zima ndipo tukapumua. Hesabu hii yote ni ya mwanzo tu, kabla ya chakula. Mwenye bajeti ya kununua mbwa na kumsahau asijaribu.

Kuhusu uwanja nitasema kwa urefu kidogo, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Mbwa kipofu anaishi kwa ramani aliyoichora mwenyewe kwa miguu na pua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Doa hali kadhalika: siku za kwanza hakuachwa huru. Nilimtembeza kwa kamba kutoka bandani mpaka kwenye maji, kutoka kwenye maji mpaka getini, getini mpaka nyuma ya choo, kisha kurudi, njia ile ile, polepole, nikiongea. Kamba haikufungwa shingoni. Mbwa mwenye presha ya macho akivutwa shingo, presha inapanda, kwa hiyo fundi viatu alitushonea mkanda wa kifuani kutokana na mikanda ya begi kuukuu, kwa shilingi 8,000. Ni ununuzi bora kuliko wote tuliofanya.

Kabla hajaachwa huru tulikagua uwanja tukiwa tumepiga magoti, vichwa vyetu viko usawa wa kichwa chake. Ukisimama huwezi kuona anachokutana nacho. Tuliona ncha za waya kwenye uzio, misumari kwenye mbao, matawi ya michongoma yanayotokeza njiani usawa wa jicho lililobaki, shimo la taka lisilo na ukingo, na mfuniko wa karo uliopasuka. Nyasi za nyuma tulizifyeka mpaka chini kwa sababu ya nyoka. Fira wa kutema mate wapo maeneo yetu, na mbwa anayeingiza pua kila mahali ni rahisi kutemewa. Ikitokea, osha macho papo hapo kwa maji mengi, robo saa na zaidi, ndipo umkimbize kwa daktari.

Jiko la mkaa lilitugombanisha. Sisi ni watu wa kupikia nje, chini, popote penye kivuli. Kivuli kinahama na jiko linahama nacho. Nililijengea jiko meza ya matofali, likapanda juu, na dada wa kazi akalalamika wiki nzima kuhusu mgongo wake kabla hajakubali kwamba kupika umesimama ni afadhali. Kijana wa bodaboda yeye nilimwomba aegeshe pikipiki mahali pamoja. Alisema sawa, akaegesha anapotaka, Doa akagusa bomba la moshi lenye moto akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Toka hapo pikipiki ina mahali pake. Sikuhitaji kusema tena.

Alama tulizoweka ni za bure. Kipande cha mkeka kuukuu mbele ya ngazi, ili miguu ijue kabla ya pua kugonga. Kokoto pembeni mwa karo. Paka alivalishwa njuga, kwa hiyo sasa ana chuki na sisi, na panya wamefurahi. Maneno nayo yawe machache na yasifanane: "panda" na "shuka" kwa ngazi, "taratibu" akikaribia kitu. Watu wote wa nyumbani waseme hayo hayo. Mtoto wangu alianza kusema "angalia!", neno la ajabu kumwambia mbwa asiyeona, lakini Doa alilijua nalo.

Na usimbebe. Watoto hupenda kumbeba kwa huruma. Ukimwinua hapa ukamweka pale, umempotezea ramani yote. Anasimama anatetemeka hajui yuko wapi. Ukilazimika, mshushe kwenye bakuli lake la maji au getini, mahali anapopajua, naye atajipanga upya mwenyewe.

Tulidhani tumemaliza, ikaja masika.

Nyumba yetu ni ya bati. Mvua ya Aprili ikinyesha Morogoro, chini ya bati hamsikilizani hata mkikaa kochi moja. Kwa Doa ilikuwa kama kuzimiwa taa: mlio unafunika sauti zote, maji yanaosha harufu zote alizoziweka uwanjani, na matope yanabadilisha ardhi anayoikanyaga. Mbwa aliyekuwa anatembea uwanja mzima bila kugusa kitu alikuwa anazunguka duara dogo, anabweka, anaingia kwenye michongoma. Tulimtafuta jioni moja kwa tochi, tukaita mpaka sauti zikakauka, kumbe yuko nyuma ya tangi, mita chache tu kutoka tulipo, hatusikii. Kuita hakukuwa na maana kwenye mlio ule.

Tuliyoyafanya baada ya hapo: banda likahamia chini ya baraza ya nyasi, ambako mvua haingurumi, kamba ya katani ikavutwa usawa wa bega lake kutoka bandani mpaka mahali pa kujisaidia, akawa anatembea ubavu ukiigusa, na mawingu yakianza kufunga upande wa Uluguru, anarudishwa bandani bila kujadiliana. Mvua ikikatika anatembezwa upya njia zake zote kwa kamba, kama mgeni. Vuli ilipokuja alikuwa ameshajua kamba ni ya nini. Ngoma za harusi na vigodoro vinamchanganya vivyo hivyo, na dawa ni ile ile, bandani.

Kuna jambo la kung'ata, na wanaofuga hawapendi kulisimulia. Fundi umeme alikuja kwetu, kijana mpole mwenye kupenda mbwa, akamkuta Doa amelala kivulini. Akainama akampapasa. Doa akashtuka, akamng'ata kifundo cha mkono, damu ikatoka. Mbwa anayeona angefumbua jicho kwanza. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukiangalia saa, ingawa fundi alikuwa anasema yatosha, mwalimu, yatosha. Kisha tukaenda hospitali na kadi ya chanjo ya Doa mkononi. Kadi ile ilituokoa na mengi, lakini haikumwondolea mtu haki ya kuangaliwa na daktari. Kijana alichomwa sindano, nauli na gharama zikawa zangu, na Doa akafungiwa kuangaliwa siku 10 kama inavyotakiwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Mwenye mbwa kipofu asiyechanjwa kila mwaka anacheza na maisha ya watu. Sheria ya kwetu sasa ni jina kwanza, mkono baadaye. Akiwa amelala unakanyaga chini kwa kishindo ukiwa mbali, unasubiri kichwa kiinuke. Wageni wanaambiwa getini.

Majirani. Upande wa kulia yupo mzee mmoja mcha Mungu ambaye mbwa akimgusa akiwa anakwenda msikitini inabidi arudi akabadilishe nguo na kujitwaharisha. Alikuja mapema kabisa. "Mwalimu," alisema, "mimi sina ugomvi na kiumbe cha Mungu. Ila mimi mbwa anayeona namkwepa tukakwepana. Huyu wako atanijia." Alikuwa na haki. Mbwa wetu hawezi kumwona mtu mwenye kanzu akapisha. Tulikubaliana Doa hatoki getini bila kamba, na matembezi ni alfajiri baada ya watu kurudi kuswali, si kabla. Hatujawahi kukosana. Siku ambayo geti liliachwa wazi, ni yeye aliyesimama kwa mbali na fimbo yake akigongagonga chini mbele ya Doa ili asiingie barabarani, huku akimtuma mtoto aje kutuita.

Waliotuchosha ni wengine, wale wa "si umchome sindano apumzike?" Mwanzoni nilijieleza. Sasa nawaonyesha Doa anavyokimbia kutoka bandani mpaka getini nikirudi kazini, na anavyokata kona kwenye tangi bila kuligusa. Anayeendelea na swali baada ya hapo, maongezi yetu huhamia kwenye bei ya mchele.

Chakula sina mengi. Ugali wa dona na dagaa au mifupa mikubwa ya supu, bila kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na bila pumba zilizoota ukungu hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, huua ini. Mbwa asiyeona hutembea kidogo, hunenepa upesi. Pima.

Kama unaishi nyumba ya kupanga yenye familia tano na uwanja mmoja, ushauri wangu ni usimchukue. Najua utasema una upendo. Upendo wako hauwezi kumzuia mpangaji mwenzio kuacha beseni la maji ya moto njiani, na huna mamlaka ya kumwambia aegeshe wapi. Chukua mbwa anayeona, nao wanateseka mabarabarani tele, au msaidie kwa fedha aliye na uwanja. Vilevile anayehamahama kikazi afikirie mara mbili, kwa sababu kila nyumba mpya ni kuanza ramani upya, na mbwa akizeeka hujifunza polepole.

Jicho la kushoto nalo limeanza kupanda presha. Tunamtia matone ya timololi, yale yale wanayopewa watu, kwa kipimo alichoandika daktari, na kila baada ya miezi michache anapimwa. Ipo siku litatolewa pia. Safari hii sitamdanganya mama mkwe.

Mwezi ujao tunabomoa uzio wa michongoma kujenga ukuta wa tofali. Nimemwambia fundi abomoe upande mmoja kwanza, aumalize, ndipo ashike mwingine, na mchanga na kokoto vimwagwe nje ya geti hata kama ni mbali kubeba. Aliuliza kwa nini, nikamwonyesha Doa. Akacheka, akamwita kwa jina, akampapasa, kisha akaongeza shilingi 120,000 kwenye bei ya ufundi. Tunaendelea kupatana.